Dk. Livingstone wa Kwihara: Aliyeisoma ramani ya nchi angani

WANAFUNZI wengi wa Usoke, Urambo na Tabora hulifahamu jina la Dk. David Livingstone kutokana na somo la historia. Humjua kuwa alikuwa mmisionari, tabibu, msafiri na mpinzani wa biashara ya utumwa, na baadhi yao wamekwisha kufika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kulitazama tembe alimoishi mwaka 1872. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba msafiri huyo alikuwa pia mpimaji wa jua, mwezi na nyota, na kwamba kanuni za sayansi alizozitegemea porini ndizo zinazoviongoza vyombo vya anga hadi leo.

Kanuni hizo kuu ni mbili: kupima pembe na kujua wakati. Anayezishika zote mbili anaweza kujua alipo, awe katikati ya mbuga za Unyamwezi, baharini, au njiani kwenda mwezini. Anayeikosa mojawapo huweza kupotea, hata awe na elimu na ushujaa kiasi gani. Maisha ya Livingstone yanayathibitisha yote mawili.

Kijana wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji mdogo wa Blantyre huko Scotland, katika familia maskini iliyoishi kwenye chumba kimoja. Alipofikisha umri wa miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa 12 asubuhi na kumalizika saa 2 usiku, na baada ya hapo kijana huyo alikwenda shule ya usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini, na kazini alikiweka kitabu juu ya mashine ili asome kila alipopita mbele yake.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow, na mwaka 1840 alipata leseni ya utabibu na kuwekewa mikono kuwa mmisionari. Desemba mwaka huo alipanda meli iitwayo George kuelekea kusini mwa Afrika. Safari ya meli wakati huo ilichukua miezi, na nahodha wa meli hiyo, Donaldson, akamfundisha namna ya kupima mahali kwa kutumia jua, mwezi na nyota. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza la elimu ya anga.

Pembe na wakati

Ili kuelewa alichofundishwa, tuanze na dunia yenyewe. Dunia ni tufe linalojizungusha. Mzunguko mmoja una nyuzi 360 na huchukua saa 24, kwa hiyo kila saa moja dunia hugeuka nyuzi 15, na kila uzi mmoja huchukua dakika 4.

Kujua umbali wa mahali kutoka ikweta, yaani latitudo, si kazi ngumu sana. Nyota zote za kusini huonekana kuizunguka ncha moja ya anga. Mtu aliyeko Tabora akitazama kusini, ncha hiyo ipo nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, kwa kuwa Tabora ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Aliyeko Cape Town huiona ncha hiyo hiyo ikiwa nyuzi 34 juu. Mpimaji hupima urefu wa jua adhuhuri, au wa nyota inapofika juu kabisa, kisha hufanya hesabu fupi na kupata latitudo yake.

Ugumu upo katika longitudo, yaani mahali ulipo kwa upande wa mashariki na magharibi. Hapa pembe peke yake haitoshi. Jua linapofika juu kabisa Tabora, mjini Greenwich, Uingereza, bado zimebaki kama saa 2 na dakika 11 kabla ya adhuhuri yao. Tofauti hiyo ya wakati ndiyo longitudo. Hata Tabora na Usoke hazina adhuhuri moja. Usoke ipo takriban nusu uzi magharibi ya Tabora, kwa hiyo jua hufika juu yake dakika 2 hivi baadaye, ingawa saa za mkononi katika miji yote miwili husoma sawa.

Kwa sababu hiyo msafiri alihitaji kubeba saa isiyokosea, iliyowekwa kwa wakati wa Greenwich. Saa hiyo iliitwa kronomita. Ikikosea kwa dakika moja tu, mahali pa msafiri kwenye ramani huhama kwa kilomita zipatazo 28 katika maeneo yaliyo karibu na ikweta.

Mwezi kuwa saa

Wataalamu walikuwa na saa nyingine isiyoweza kuvunjika, nayo ni mwezi. Mwezi husogea mbele ya nyota kwa kiasi cha upana wake mwenyewe kila saa. Kwa kuwa sheria ya mvutano aliyoieleza Isaac Newton mwaka 1687 iliwawezesha wanahesabu kujua mapema mwezi utakuwa wapi, majedwali yalichapwa kila mwaka yakionyesha umbali wake kutoka nyota maalumu kwa saa za Greenwich. Msafiri alipima pembe kati ya mwezi na nyota, akatazama jedwali, akajua wakati wa Greenwich bila kutegemea saa yake.

Hesabu hiyo ilikuwa ndefu na haikusamehe uzembe. Kosa dogo la sehemu moja ya 60 ya uzi mmoja lilitosha kumhamisha mpimaji kilomita 50 na zaidi.

Mwaka 1852 Livingstone alikwenda Cape Town na kunolewa zaidi na Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha huko. Kuanzia Novemba 1853 alisafiri kutoka Linyanti hadi Loanda katika pwani ya Atlantiki, kisha akageuka na kuvuka bara hadi Quelimane katika Bahari ya Hindi, alikofika Mei 1856. Njiani, Novemba 1855, aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Vipimo vyake alivituma kwa Maclear, aliyevikagua na kuridhika navyo. Mwaka 1855 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia medali ya dhahabu.

Chombo chake kikuu kilikuwa sekstanti, kifaa cha mkono chenye vioo viwili kinachopima pembe kati ya vitu vilivyo mbali. Baharini, nahodha hupima kutoka kwenye mstari ambapo maji hukutana na mbingu. Porini mstari huo hauonekani kwa sababu ya miti na vilima. Wasafiri wa bara walimimina zebaki kwenye sinia ndogo, ikawa kama kioo kilicholala sawasawa, kisha wakapima pembe kati ya nyota na kivuli chake ndani ya zebaki. Nusu ya pembe hiyo ndiyo urefu wa nyota.

Kimo cha nchi kilipimwa kwa maji ya moto. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango hicho hupungua kwa uzi mmoja kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua. Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya mwanaanga avae vazi lililojazwa hewa, maana mahali pasipo na hewa hata joto la mwili hutosha kuyachemsha maji.

Saa iliyoanguka

Baada ya safari ya Mto Zambezi ya mwaka 1858 hadi 1864, ambamo alimpoteza mkewe Mary mwaka 1862, Livingstone alirudi Afrika kwa mara ya mwisho. Alifika Zanzibar Januari 1866, na Machi mwaka huo akaanza safari ya bara kutokea karibu na Mto Ruvuma. Nia yake, pamoja na kuifichua biashara ya utumwa, ilikuwa kumaliza ubishi kuhusu chanzo cha Mto Nile.

Mnamo Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kronomita zake ziliumia kwa kuanguka njiani. Hazikusimama. Ziliendelea kutembea, lakini mwendo wake ulikuwa umebadilika, na tangu hapo longitudo zake zilikuwa na kosa. Mwezi huo huo sanduku lake la dawa lilitoroshwa, na historia imelikumbuka zaidi tukio hilo kwa sababu ya afya yake. Lakini kwa mpimaji, saa inayodanganya bila kujulikana ni hatari kuliko iliyokufa, kwa kuwa iliyokufa haimshawishi mtu kuiamini.

Akiwa na vyombo hivyo aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867 na Ziwa Bangweulu Julai 1868. Alifika Ujiji Machi 1869, akavuka hadi Nyangwe kwenye Mto Lualaba mwaka 1871, ambako alishuhudia mauaji ya watu sokoni. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na mikono mitupu, na ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta mwishoni mwa mwaka huo. Pamoja walikwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na kuona kwamba Mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Kwa hiyo Ziwa Tanganyika halikuweza kuilisha Nile kwa njia hiyo.

Miezi ya Kwihara

Februari 18, 1872, Livingstone na Stanley waliwasili Kwihara katika Unyanyembe. Njia iliyonyooka kutoka magharibi, ambayo leo kwa kiasi fulani inafuatwa na reli ya Kigoma inayopita Urambo na Usoke, haikuwa salama kwa sababu ya vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Misafara ililazimika kuzunguka kusini.

Stanley aliondoka kuelekea pwani Machi 14, akibeba barua na shajara ya mwenzake. Livingstone alibaki kungoja watu na mahitaji hadi Agosti 25. Katika tembe hilo la udongo alisoma, aliandika, na kunakili vipimo vyake vya nyota ili Maclear avikague. Kazi hiyo ya kunakili tarakimu inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayotofautisha sayansi na masimulizi ya safari. Mpimaji huandika alichopima, na siyo jibu tu, ili mwingine aweze kuona kosa lilipo na kulisahihisha.

Ni haki kusema pia kwamba Wanyamwezi hawakuhitaji sekstanti ili kwenda pwani na kurudi. Kirangozi wa msafara aliijua njia kwa visima, vijiji na siku za mwendo, na wakulima walikijua Kilimia na majira ya kupanda. Swali la Livingstone lilikuwa jingine: mahali hapa pako wapi katika tufe zima la dunia, na je, mto huu unaweza kufika Misri?

Mwisho wake Chitambo

Kutoka Kwihara alielekea tena Bangweulu. Aliamini kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nile, na kwamba chemchemi zake zilikuwa kusini mwa ziwa hilo. Alifika mwanzoni mwa mwaka 1873, katikati ya mvua. Mabwawa yalikuwa yamefurika, mawingu yalizificha nyota, naye alikuwa akitokwa damu kwa ugonjwa wa tumbo. Makosa ya vipimo vya safari ya kwanza yalichangia kumchanganya, kwa kuwa ziwa alilolichora mwaka 1868 halikulingana na nchi aliyoikuta. Wiki kadhaa zilipita katika maji na matete, na hatimaye ikabidi abebwe kwa machela.

Aprili 30, 1873, katika kijiji cha Chitambo, alimwomba mtumishi wake Susi amletee saa. Hakuwa na nguvu za kuishika. Alimwelekeza Susi namna ya kuiweka juu ya kiganja, naye akazungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Alfajiri ya Mei 1 wenzake walimkuta amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga na kuanza safari ya miguu kuelekea pwani. Pamoja na mwili walibeba shajara, vitabu vya vipimo na vyombo vyake. Oktoba 1873 waliingia tena Unyanyembe, ambako walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri azikwe huko huko. Wao walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London Aprili 18, 1874.

Kosa lasahihishwa

Cameron alibaki na sehemu ya vyombo vya marehemu, akasonga mbele kuelekea magharibi. Mwaka 1874 alifika Nyangwe na kupima kimo cha Lualaba. Jibu alilopata lilikuwa na uzito mkubwa: mto pale ulikuwa chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, mbali sana kaskazini. Maji hayapandi mlima, hivyo Lualaba haukuweza kuwa Nile. Agosti 1877 Stanley alikamilisha ushahidi huo alipoufuata mto hadi Boma, karibu na Atlantiki. Lualaba ni Kongo.

Livingstone alikuwa amekosea kuhusu jambo alilolitolea uhai wake. Hata hivyo, kazi yake haikupotea. Kwa kuwa aliandika vipimo vyake siku hadi siku, na kwa kuwa watu wa msafara wake walivibeba kwa miezi kadhaa hadi pwani, wachora ramani waliweza kuyatumia yaliyo sahihi na kuyarekebisha yaliyokosewa. Bila Chuma, Susi na wenzao, Uingereza ingepata habari ya kifo tu.

Kutoka Kwihara hadi mwezini

Karne moja baadaye, wanaanga wa Apollo waliosafiri kwenda mwezini kati ya mwaka 1968 na 1972 walikuwa na sekstanti ndani ya chombo chao. Waliilenga kwenye nyota ili kuhakikisha chombo kimeelekea wanakodhani. Vyombo visivyo na watu, kama Voyager viwili vilivyorushwa mwaka 1977, vilijengewa jicho la kuitazama nyota ya Suheli, ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua kwa karne nyingi.

Kwa upande wa wakati, setilaiti za mfumo wa GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa za atomiki. Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zisizopungua nne, hulinganisha nyakati, na kutoa mahali ilipo. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Zaidi ya hapo, mwendo wa setilaiti na upungufu wa mvutano wa dunia huko juu huzifanya saa hizo zitangulie za chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama alivyobashiri Albert Einstein. Wahandisi hulirekebisha hilo, la sivyo kosa lingefikia kilomita kadhaa kwa siku moja.

Hata kujizungusha kwa dunia kumetumika katika Afrika Mashariki. Kwenye ikweta ardhi hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo huanza safari ikiwa imekwisha kupata mwendo huo. Ndiyo sababu Waitaliano walichagua pwani ya Malindi, Kenya, kwa kituo chao cha San Marco. Kutoka hapo, Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Mwanafunzi wa Usoke anaweza kuanza somo hili bila kununua kitu. Asimike fimbo wima kwenye uwanja uliosawazishwa, na kila dakika tano aweke alama kwenye ncha ya kivuli. Ataona kwamba kivuli kifupi kabisa hakiji saa 6 kamili mchana bali karibu na saa 6:50, kikitangulia au kuchelewa hadi robo saa hivi kulingana na majira ya mwaka. Sababu ni kwamba saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Usoke ipo karibu nyuzi 32 na nusu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ataona pia kivuli hicho kikikaribia kutoweka, kwa kuwa jua hupita juu ya utosi.

Aandike kila alama na saa yake, pamoja na zile anazozitilia shaka. Livingstone alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20, na kwa njia hiyo hata makosa yake yaliwafaa waliomfuata.